Bibi Mwenye Macho Saba ya Kushoto

Kila asubuhi, kabla hajawasha kompyuta, Labda alilipangusa ua lake la plastiki. Alianza na majani ya chini, akapanda jani kwa jani mpaka kwenye lile lililowahi kukatika akaligandisha kwa gundi ya viatu, kisha akaliambia kwa sauti ya chini, "Habari za kuamka?" Ua halikujibu, na hilo ndilo alilolipendea. Watu ukiwasalimu hujibu, halafu wanakukodolea macho wakingoja uendelee, na Labda hakuwahi kujua mtu anaendeleaje kutoka hapo.

Jina lake halisi liliandikwa kwenye cheti chake cha chuo, lakini pale kliniki ya macho hakuna aliyelitumia. Walimwita Labda kwa sababu kila sentensi aliianzia hapo. Husimuliwa kwamba siku waya wa birika la chai uliposhika moto, yeye ndiye aliyeuona kwanza, akasema, "Labda kuna moto." Wenzake walipokuwa bado wanaitafakari hiyo labda, pazia lilikuwa limekwisha.

Asubuhi hiyo alikuwa amefika jani la tatu mlango uliposukumwa kwa kishindo. Aliyeingia alikuwa mpokezi, mama mmoja mwenye moyo wa dhahabu na koo la tarumbeta, ambaye kliniki nzima ilimwita Spika.

"Labda! Acha kumwogesha huyo mtoto, njoo uone maajabu! Tumepata mgonjwa mwenye macho saba ya kushoto!"

"Labda umesoma vibaya, Mama?"

"Nimesoma, nikavua miwani, nikaipangusa, nikasoma tena. Saba! Ya kulia manne. Ana miaka sabini na tatu, na ni mjamzito."

Labda aliacha kitambaa juu ya ua akamfuata mpaka mapokezi. Na kweli, kwenye kioo cha kompyuta alikuwako. Jina: Bibi. Amezaliwa: mosi Januari. Simu: ile ya duka la kona. Mtaa: huu wa nyuma ya kliniki. Alikuwa na jozi tisa za miwani, hakuna iliyofanana na mwenzake. Uzito wake Jumatatu ulikuwa kilo arobaini na nane, Jumanne tisini na moja. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mara saba, na kila mara upasuaji ulikwenda vizuri.

"Huo ujauzito nao," Spika alinong'ona, na mnong'ono wake ukafika mpaka getini, "labda wenyewe ni mtoto wa jicho?"

Labda hakucheka. Moyo ulikuwa umemshuka mpaka kwenye soli za viatu, maana alimjua mgonjwa huyo. Yeye ndiye aliyemtengeneza.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mfumo wa kliniki ulijaa watu walioandikishwa mara mbili, mara tatu. Mtu akipoteza kadi, anaandikishwa upya. Akija na jicho jekundu mwezi huu na kibanzi mwezi ujao, anaandikishwa kana kwamba ni watu wawili wenye bahati mbaya. Makao makuu yakaamuru usafi, na kazi ikamwangukia Labda: atunge kanuni ambazo mashine itazitumia kulinganisha kumbukumbu mbili na kuamua kama ni za mtu yuleyule, kisha iziunganishe ziwe moja.

Kanuni haikuwa uchawi. Majina mawili yakianza kwa herufi nne zilezile, alama ishirini na tano. Tarehe ya kuzaliwa ikilingana, ishirini na tano. Simu vivyo hivyo, mtaa vivyo hivyo. Jumla ni mia. Labda alitaka mashine isiguse kitu mpaka zitimie mia zote, na hata hapo iulize kwanza binadamu mwenye macho. Lakini Bosi, mkuu wa ofisi ya takwimu, alikuwa ameshawaahidi wakubwa kwamba marudio yote yatakuwa yametoweka kabla ya mkutano wao.

"Weka sabini na tano," Bosi alisema siku ile. "Na isiulize mtu. Watu wanachelewesha."

"Labda sabini na tano ni chini kidogo," alisema Labda.

"Chini ndiko kuzuri, binti. Mizizi iko chini."

Akabonyeza mwenyewe.

Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria ni adabu ya Spika. Tangu aajiriwe, hakuwahi kuandika jina la mtu mzima likiwa tupu. "Nitamwandikaje mtu wa umri wa mama yangu jina kavukavu," alijitetea sasa, mkono kifuani, "kama vile namwita mtoto atoke barabarani? Mimi huanza na Bibi. Jina lenyewe linafuata nyuma, kwa heshima zake." Wale wasioijua siku yao ya kuzaliwa, na walikuwa wengi, aliwapa mosi Januari, maana mfumo ulikataa kusonga mbele kisanduku kikiwa kitupu. Wale wasio na simu walitoa namba ya mwenye duka la kona, ambaye huwaitia ujumbe kutoka mlangoni. Na mtaa ulikuwa mmoja.

Basi mbele ya mashine mabibi wote wa mtaa ule hawakupishana hata ukucha. B, I, B, I. Mosi Januari. Duka la kona. Nyuma ya kliniki. Adabu ya Spika ilikuwa imewapika chungu kimoja.

"Na ujauzito?" aliuliza Labda.

Spika aliinamisha kichwa. "Yule msichana aliyekuja juma la harusi yake, vumbi limemwingia jichoni. Nilimwandika Bibi Harusi."

Herufi nne, simu ya duka, mtaa. Sabini na tano kamili.

Labda aliteremsha ukurasa. Matone, miwani, miwani, matone, vipimo vya presha. Halafu, chini kabisa, mstari mmoja kwa rangi nyekundu: *Upasuaji wa jicho la kushoto, kesho asubuhi. Umefutwa. Jicho limeshafanyiwa.*

Aliusoma mara mbili. Aliyepangiwa kesho alikuwa bibi yake mwenyewe.

Bibi aliyemlea, aliyemfundisha kusuka nywele na kunyamaza. Jicho lake la kulia lilizimika zamani kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeuwahi, na la kushoto lilikuwa limefunikwa na ukungu kiasi kwamba juma lililopita alimkaribisha mgeni kwa bashasha, akamsogezea kiti na kumuuliza habari za nyumbani, kumbe ni koti limetundikwa mlangoni. Daktari wa upasuaji alikuwa mgeni, alikuja kwa juma moja tu na Ijumaa angeondoka. Kurudi kwake, majaliwa. Kwa hiyo kesho ilikuwa ni kesho, na mashine ilikuwa imeifuta.

"Kwani Bibi hakutoa namba yako?" Spika alishangaa.

"Aliona aibu kunisumbua kazini."

Hapo ni lazima ieleweke kwamba katika nyumba ile hakuna aliyewahi kusema jambo moja kwa moja. Bibi akitaka chai, aliuliza, "Hivi siku hizi maji huchemka?" Akitaka mlango ufungwe, aliusifu mlango, kwamba fundi wake hakuutengeneza ukae wazi. Mama yake Labda alipotaka kuolewa, alitangaza kwamba amechoka kula peke yake, na familia ikamnunulia meza kubwa zaidi. Labda alikuwa amezaliwa humo, akanyweshwa humo, na sasa alitakiwa kwenda kumwambia Bosi kwamba amekosea.

Alimkuta Bosi akitabasamu mbele ya kioo chake.

"Binti! Umeona? Marudio yameshuka mpaka sifuri! Wateja wamepungua karibu nusu!"

"Labda wamepungua mno, Bosi."

"Asante sana. Nawe umejitahidi, usijishushe."

"Nilikuwa nasema labda... kuna mgonjwa mmoja ana macho saba ya kushoto."

"Saba?" Bosi alikunja uso, akafikiri. "Kwa hiyo tumemhudumia vizuri."

"Labda si mtu mmoja."

"Binti, kama alikuwa watu wengi na sasa ni mmoja, hiyo si ndiyo kazi tuliyotumwa?"

Labda alifungua mdomo. Maneno yalikuwa yamejipanga humo kama watu kwenye dirisha la posta, kila mmoja akimwambia mwenzake atangulie. Akaufunga. Akasema, "Sawa." Akatoka, akaegemea ukuta wa korido, akajichukia kwa utaratibu.

Hakupata muda wa kujichukia mpaka mwisho, kwa sababu kelele zilianza mapokezi.

Mfumo ulikuwa umefanya adabu yake pia. Kwa kila kumbukumbu uliyoiunganisha ulituma ujumbe kwenye simu, na kwa kuwa simu ni ya mwenye duka, mwenye duka alikuwa ameamka akakuta ujumbe uleule mara kumi na mbili: *Mpendwa mteja, tumegundua kuwa wewe ni wewe. Tumekuunganisha na wewe mwenyewe. Asante kwa kutuamini.* Alisimama mlangoni pa duka akausoma kwa sauti, mara kumi na mbili, kwa kuwa ni mwaminifu. Sasa mtaa mzima wa mabibi ulikuwa umejaa kwenye mabenchi ya kliniki, fimbo zimeelekezwa kwa Spika.

"Mimi ni mjane," alisema mmoja aliyevaa kofia ya sufu. "Nimeunganishwa na nani? Kama ni yule fundi saa, niambieni mapema nitoroke."

"Umeunganishwa na wewe mwenyewe, Bibi," alisema Spika.

"Mimi mwenyewe nimejishinda toka ujana, leo ndiyo mnaniongezea mwingine?"

"Wanasema sisi sote ni mtu mmoja," alieleza mwingine, aliyefungwa kitambaa cheupe kwenye jicho la kushoto. Huyu alikuwa amefanyiwa upasuaji juzi na alikuwa bado anajisikia shujaa.

Bibi Kofia alimgeukia. "Kama ni mtu mmoja, basi lete ile sufuria yangu uliyoazima. Haiwezekani nijiazime mwenyewe nikatae kujirudishia."

"Kama ni mtu mmoja, sufuria iko kwako."

Msichana wa harusi alikuwa amekaa kati yao, mikono kwenye mapaja, na mabibi wawili walikuwa wameshamwekea viganja tumboni. Hadi asubuhi ile alikuwa hajamwambia mtu nje ya chumba cha daktari. Sasa alikuwa na mabibi kumi na mmoja waliokuwa wajawazito pamoja naye, na kila mmoja alikuwa na jina la mtoto.

Na katikati ya zogo hilo, kwenye kiti cha pembeni karibu na dirisha, alikaa Bibi yake Labda. Alikuwa amevaa nguo yake ya kutokea. Alikuwa ametulia. Alikuwa, Labda aliona kwa mshangao, mchangamfu kama mtu aliyesamehewa kosa.

"Bibi, na wewe umekuja?"

"Nimesikia sauti ya mjukuu wangu. Au ni koti?"

"Ni mimi."

"Basi sawa. Leo nimeongea na makoti mengi."

Mlango wa ndani ulifunguka, akatokea muuguzi wa chumba cha upasuaji, mwanamke mrefu asiyependa mzaha saa za kazi wala baada ya kazi. "Nisikilizeni," alisema. "Siwezi kumfungua mtu jicho ambalo mfumo unasema limeshafunguliwa. Daktari anafuata kilichoandikwa. Kila mmoja aseme yeye ni nani na amefanyiwa nini, Labda aandike, Bosi athibitishe, tujue nani yumo kesho."

Labda alivuta kiti na karatasi. Likawa zoezi la ajabu. Bibi wa kwanza alisema yeye ndiye wa miwani ya duara, bibi wa pili naye akasema ni yeye, ikaonekana wamekuwa wakipokezana miwani hiyo mwaka mzima, mmoja Jumapili mmoja siku za kazi. Bibi wa tatu alidai kilo arobaini na nane. Wenzake walimtazama toka juu mpaka chini, na kutoka juu mpaka chini palikuwa na safari ndefu ya kuzunguka. Akakubali tisini na moja, lakini aandikiwe kwamba alikuwa na viatu.

Zamu ikamfikia bibi yake. Labda alikuwa ameshaanza kuandika, *bado hajafanyiwa*.

"Mimi," Bibi alisema kwa sauti ya kupendeza, "ni yule aliyekwishafanyiwa."

Kalamu ya Labda ikasimama.

"Bibi?"

"Jicho la kushoto. Lilifanyiwa. Mashine imesema."

"Bibi, mbona asubuhi umeweka chumvi kwenye chai?"

"Ladha hubadilika uzeeni."

Yule wa kitambaa aliinuka kwa hasira. "Aliyefanyiwa ni mimi! Hiki kitambaa nimekifunga kwa mapambo?"

"Mwenzangu, tuliza moyo," alisema Bibi, akielekeza uso kando kabisa ya alikosimama mwenzake. "Tumeambiwa sisi ni mtu mmoja. Ukifanyiwa wewe, nimefanyiwa mimi. Maumivu umeyaona wewe, shukrani natoa mimi. Nani atabishana na kompyuta? Imesoma kuliko sisi sote."

"Anasema na mtungi wa maji," Bibi Kofia alimwarifu jirani yake.

Labda alimtazama bibi yake. Aliujua mchezo wa nyumba yao kama alivyoijua njia ya kwenda kwao, na bado hakuelewa. Kwa nini mtu ang'ang'anie jicho la mwenzake? Alijaribu kumsoma usoni, lakini uso wa Bibi ulikuwa umetulia, mikono tu ndiyo iliyokuwa ikikunja na kukunjua pembe ya nguo.

Hapo ndipo Bosi alipoingia, simu sikioni, akiwaahidi wakubwa jambo lingine. Aliikata, akachungulia karatasi.

"Huyu mama amethibitisha kwamba jicho limeshafanyiwa?"

"Amesema hivyo," muuguzi alijibu, uso umejaa mashaka, "lakini..."

"Basi imekwisha! Mgonjwa mwenyewe ndiye shahidi wa macho. Kumbukumbu ifungwe, ibaki kama ilivyo. Mmeona? Mfumo haukukosea." Akanyoosha mkono apokee karatasi. "Au vipi, binti?"

"Labda..." alisema Labda.

Watu wote walingoja. Hata mtungi wa maji uliacha kudondosha.

Sasa, sauti ya Labda haikuwa imetumika vilivyo tangu utotoni, na mwenyewe hakujua kipimo chake. Alikusudia kusema neno dogo, la kiasi. Likatoka kama debe lililoangushwa ghorofani.

"HAPANA!"

Kiti chake kikaanguka chali. Bibi Kofia akashika kofia.

"Hapana, Bosi! Sabini na tano ni chini! Sikumaanisha chini kidogo, nilimaanisha ni chini kupita kiasi, nilimaanisha ni wazimu! Mosi Januari si siku ya kuzaliwa, ni kisanduku kilichokataa kukaa kitupu! Neno Bibi si jina, ni heshima! Simu ya duka ni ya duka! Hawa ni watu kumi na wawili, na mmoja wao ni bibi yangu, na hajafanyiwa, na asipofanyiwa kesho atabaki anakaribisha makoti!"

Alisikia masikio yake yakilia. Alitafuta mahali pa kujificha, akaona pako chini ya kiti, lakini kiti chenyewe kilikuwa chali.

Bosi alikuwa amebaki na mkono hewani. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyeketi juu ya paka bila kujua.

"Sasa binti," alisema taratibu, "kwa nini hukusema?"

"Nilisema."

"Ulisema labda."

"Kwetu labda ndiyo hapana."

Bosi alihesabu moyoni, na midomo ikawa inachezacheza. Unaweza kuwa na hakika alikuwa akipitia labda zote alizowahi kuambiwa, moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye pazia lililoungua alifumba macho. "Haya," alisema. "Twende tukatengue."

Walikwenda wote, maana mabibi walikataa kutenguliwa wakiwa hawapo. Bosi aliandika nywila yake kwa vidole viwili, akiifunika kwa kiganja, ingawa kliniki nzima iliijua. Labda aliketi. Mbele ya mashine hakuwa na haya. Kwanza aliielekeza ivue vyeo kabla ya kutazama majina: Bibi, Babu, Mama, Mzee, vyote vikae pembeni, jina lisimame lenyewe. Mosi Januari ikapewa sifuri. Simu inayotumiwa na watu zaidi ya watatu ikapewa alama mbili, za huruma. Kiwango kikapanda. Na zile kumbukumbu zenye utata ziwekwe kando zingoje, mpaka mtu wa kweli atazame na kuamua.

"Nani huyo mtu?" aliuliza Bosi.

"Mimi," alisema Labda, tena kwa sauti kubwa kuliko alivyopanga. Bado alikuwa anaizoea.

"Na mimi niache kuandika Bibi?" Spika aliuliza kwa unyonge.

"Endelea, Mama. Mashine ndiyo itajifunza adabu."

Akabonyeza. Mashine ikanguruma, ikafikiri, ikamtapika yule mgonjwa wa ajabu vipandevipande. Spika alisimama nyuma akitangaza kila aliyetokea: "Huyo wa miwani ya duara! Mwingine wa miwani ya duara! Huyo kilo tisini na moja!"

"Na viatu!" ilipaa sauti kutoka nyuma.

"Bibi Harusi huyo, na mimba yake!" Mabibi walipiga makofi kwa kila mmoja, na yule wa kitambaa alipotokea na jicho lake moja halali, alipunga mkono kama aliyeshuka jukwaani.

Wa mwisho alikuwa bibi yake Labda. Jina lake kamili, jicho lake moja lenye ukungu, na chini yake mstari ulioacha kuwa mwekundu: *Kesho asubuhi.*

Muuguzi alipumua. "Umerudi kwenye zamu, Bibi. Nahitaji tu kauli yako. Unakubali tukufanyie?"

Bibi alikuna kidevu. "Haraka haraka haina baraka."

"Hiyo ni ndiyo au hapana?"

"Ni methali."

"Daktari hapasui methali, Bibi. Nakupa dakika chache, nikirudi nikute jibu." Akaondoka, viatu vyake vikigonga sakafu kwa msisitizo.

Mabibi wengine walianza kutawanyika, wakibishana kuhusu sufuria. Bosi alirudi ofisini kuwapigia wakubwa na kuwaeleza kwamba marudio yamepungua, lakini si mno. Labda alimshika bibi yake mkono, akamwongoza mpaka kwenye benchi la nje, ukutani, palipokuwa na jua la wastani. Wakakaa. Paka wa kliniki alipita, akawatazama, akaendelea na shughuli zake.

"Hivi kesho mvua haitanyesha?" Bibi aliuliza.

"Chumba cha upasuaji kina paa, Bibi."

"Naam. Mapaa siku hizi ni mazuri." Akakunja pembe ya nguo. "Nasikia macho yakishafunguliwa mtu huona vumbi lote la nyumba. Nitapata wapi nguvu ya kufagia?"

"Nitafagia mimi."

"Hata wewe nimekuwa nikikusifu kwa watu, kwamba mjukuu wangu ni mzuri. Sasa nikifumbua nikakuta umechukua sura ya baba yako, nitawaambia nini?"

Labda alicheka, na Bibi akacheka, na kwa kitambo ilikuwa kama siku zote, ambapo mtu huzunguka jambo mpaka jambo lenyewe lichoke liende zake. Angeweza kuacha hapo. Angeweza kusema labda tuone kesho, na kesho ingekuja na kupita, na Ijumaa daktari angefunga begi lake.

Alizitazama zile pembe za nguo, zilivyokunjwa na kukunjuliwa mpaka zikawa kama kamba.

"Bibi," alisema. "Mimi leo nimepiga kelele mbele ya watu. Miguu bado inanitetemeka, shika hapa uone. Nimeongea na Bosi, nimeongea na mashine, sasa nataka kuongea na wewe tu. Usinipe methali. Kwa nini ulisema umeshafanyiwa?"

Bibi alishika goti la mjukuu wake, akausikia mtetemeko, akaacha mkono pale pale. Alifungua mdomo akaufunga. Ilionekana naye alikuwa na foleni ndefu humo ndani, ya miaka mingi kuliko ya Labda, na kila neno lilikuwa na umri na hadhi ya kutotaka kutangulia.

"Naogopa," alisema mwishowe.

Akashtuka kidogo, kama aliyesikia mtu mwingine. Kisha, kwa kuwa mlango umeshafunguka, akaendelea, haraka na kwa sauti iliyokwaruza:

"Jicho ni hili moja tu, mjukuu wangu. Ukungu wake nimeuzoea, na ndani ya huo ukungu nakuona ukipita asubuhi ukienda kazini. Wakiliharibu, sitaona hata kupita kwako. Mashine iliposema nimeshafanyiwa, nilifurahi kama mtoto aliyeambiwa leo hakuna shule. Lakini nataka kufanyiwa. Nataka kuuona uso wako wote, hata ukiwa wa baba yako. Nataka, na naogopa sana, na kesho nataka uingie na mimi unishike mkono mpaka watakapokufukuza."